Udugu wa Gitaa Mpakani: Bendi za Miaka ya 1960, Nasaba na Urithi wa Muziki katika Ukanda wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanaeleza uhusiano kati ya udugu na kumbukumbu ya bendi za gitaa za miaka ya 1960 katika ukanda wa mpaka wa Kenya na Uganda, hususan Busia na Tororo. Hoja ya msingi ni kwamba udugu unaohifadhi kumbukumbu za bendi ni mpana kuliko udugu unaotambuliwa na sheria za mirathi na hakimiliki, na kwamba tofauti hiyo huzifanya familia nyingi zikose haki ambazo bado zipo. Makala yanatumia mifano ya Daudi Kabaka, George Mukabi na Eclas Kawalya. Yanafafanua haki mbili zilizomo ndani ya santuri moja, kisha yanaonyesha jinsi istilahi za udugu za Kiswahili zinavyoweza kutumiwa kuandika nasaba ya bendi kwa usahihi.

Maneno makuu: bendi, gitaa, mpaka, nasaba, hakimiliki, mirathi

1. Utangulizi

Historia ya muziki wa Afrika Mashariki imezoea kuandikwa kwa mipaka ya kitaifa. Husemwa "muziki wa Kenya" au "muziki wa Uganda", kana kwamba wapiga gitaa walizaliwa, wakafunzwa, wakarekodi na kufa ndani ya nchi moja. Mtazamo huo una manufaa yake, kwa kuwa kumbukumbu za redio, sheria na vyama vya wanamuziki zimepangwa kitaifa. Hata hivyo, mtazamo huo unapofikishwa Busia au Tororo hukosa mahali pa kusimama. Huko mtu huweza kuwa na baba mkubwa upande wa Kenya na mjomba upande wa Uganda, na wote wawili wakawa wanauita mji wao kwa jina lile lile.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: bendi ya miaka ya 1960 inapokuwa imekufa, santuri zake zimekwaruzika na wapigaji wake wamezikwa pande mbili za mpaka, ni nani mwenye haki ya kuisemea? Jibu jepesi ni "familia". Lakini neno hilo lina maana zaidi ya moja, na utata wake ndio unaochunguzwa hapa.

2. Ukanda wa mpaka: reli, barabara na shilingi moja

Mpaka unaopita Busia ni mchanga kuliko jamii zinazouzunguka. Hadi mwaka 1902 eneo ambalo leo ni magharibi mwa Kenya lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda, kisha likahamishiwa katika himaya ya Uingereza iliyokuja kuitwa Kenya. Uhamisho huo uliwaacha Wasamia pande zote mbili, nao Waiteso wakajikuta hali kadhalika. Wajopadhola wa Tororo nao wakabaki majirani wa jamii ambazo sasa zilihesabiwa kuwa za nchi nyingine.

Yaliyotenganishwa na ramani yaliunganishwa na usafiri. Reli iliyotoka Nakuru na Eldoret iliingia Uganda kwa njia ya Tororo, ikafika Kampala mwaka 1931. Kutoka Tororo ilichipuka pia njia ya kaskazini iliyokuwa imekwisha kufika Soroti kufikia mwaka 1929. Tororo ikawa njia panda ya wafanyakazi wa reli, na baadaye ya wale wa kiwanda cha saruji. Busia ilipitiwa na barabara itokayo Kisumu kuelekea Jinja na Kampala. Mpiga gitaa wa Uganda aliyetaka kurekodi katika studio za Nairobi, na kijana wa magharibi mwa Kenya aliyekwenda kutafuta kazi Kampala, wote walipita katika mojawapo ya milango hii miwili.

Mambo mengine mawili yalirahisisha mwingiliano huo. Kwanza, hadi mwaka 1966 nchi hizi zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Bendi iliyopiga dansi upande mmoja ililipwa fedha iliyotumika upande wa pili bila kubadilishwa. Pili, mawimbi ya redio hayakusimama mpakani. Aliyekuwa na redio Tororo aliweza kuupokea wimbo uliorekodiwa Nairobi, na aliyekuwa Busia aliupokea ule wa Kampala.

Utawala wa wakati huo umeacha tatizo linalomsumbua kila mtafiti wa nasaba. Busia ya Uganda haikuwa wilaya inayojitegemea. Ilikatwa kutoka Tororo mwaka 1997, na katika miaka ya 1960 eneo lote hilo lilikuwa chini ya Bukedi. Kwa upande wa Kenya, kabla ya uhuru Busia ilikuwa ndani ya wilaya ya Elgon Nyanza. Familia inayotafuta jina la babu yake katika nyaraka za zamani chini ya "Busia" huenda isilipate, ilhali lipo chini ya majina hayo mengine.

3. Gereji na baraza

Nchini Marekani, katikati ya miaka ya 1960, vijana wengi walianzisha bendi ndogo za roki zilizofanya mazoezi katika gereji za nyumba za wazazi wao. Vyombo vilikuwa vya bei nafuu, wapigaji walikuwa ndugu na majirani, na bendi nyingi zilitoa santuri moja au mbili kisha zikatoweka. Jina "bendi za gereji" lilitolewa baadaye na wakusanyaji wa santuri. Jambo linalohusika hapa ni kwamba bendi hizo ziliokolewa na familia: picha iliyobaki katika albamu ya dada, santuri iliyohifadhiwa na mtoto, masimulizi ya mpwa.

Afrika Mashariki haikuwa na gereji za namna hiyo, lakini ilikuwa na mazingira yanayokaribiana nazo. Gitaa kavu lilipigwa barazani, kwenye vilabu vya pombe, katika harusi na matanga. Mdundo uliweza kutolewa kwa kugonga chupa ya soda. Mtindo wa omutibo wa magharibi mwa Kenya ulijengwa juu ya gitaa kavu na chupa hiyo. John Low, katika historia ya muziki wa gitaa wa Kenya aliyoichapisha mwaka 1982, anautambua mtindo huu kuwa miongoni mwa misingi ya muziki wa kisasa wa nchi hiyo. Gitaa la umeme na twisti vilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1960, havikukuta uwanja mtupu. Vilikuta vijana ambao vidole vyao vilikuwa vimekwisha kufunzwa na baba, kaka na wajomba.

Tofauti moja ni muhimu. Bendi ya barazani ilikuwa ya watu wa nyumbani, ilhali bendi ya studio haikuwa hivyo. Equator Sound Band ya Nairobi, iliyohusishwa na studio ya Charles Worrod, iliwakusanya Fadhili William kutoka Taita, Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, pamoja na Nashil Pichen Kazembe na Peter Tsotsi waliotoka upande wa Zambia. Kilichowaunganisha watu hao kilikuwa kazi na mkataba. Hapo ndipo njia mbili za urithi zinapoachana: muziki wa barazani ulirithiwa kwa kusikia na kuiga, na muziki wa studio ulirithiwa, au ulipotea, kwa karatasi.

4. Nasaba tatu

Mfano wa kwanza ni Daudi Kabaka. Alizaliwa mwaka 1939 Kyambogo, Kampala, katika familia yenye asili ya magharibi mwa Kenya. Jina lake lenyewe ni hati ya mpakani, kwani linakumbusha Kabaka Daudi Chwa wa Buganda, aliyefariki mwaka huo huo. Mtu huyu, aliyezaliwa Uganda na kubeba cheo cha mfalme wa Buganda kama jina, ndiye aliyekuja kuhesabiwa kuwa baba wa twisti ya Kenya. Wimbo wake "Helule Helule" ulivuka bahari: mwaka 1968 bendi ya Kiingereza The Tremeloes iliurekodi upya, ukafika nafasi ya 14 katika chati ya Uingereza. Bendi hiyo ilikuwa ya vijana wa Dagenham, pembezoni mwa London. Hivyo wimbo uliotungwa katika mazingira ya Afrika Mashariki ulipigwa na vijana wa kizazi kile kile, kwa vyombo vya namna ile ile, mbele ya hadhira ambayo haikujua unakotoka. Kabaka alifariki mwaka 2001.

Mfano wa pili ni George Mukabi, bingwa wa omutibo kutoka Kisa. Alifariki mwaka 1963, katika mwaka wa uhuru wa Kenya, kabla twisti haijashamiri. Muziki wake haukufa naye. Mwanawe, Johnstone Mukabi, aliupiga mtindo wa baba yake na kuufanya usikike kwa vizazi vilivyofuata. Mwaka 2017 lebo ya Olvido ilikusanya rekodi za Mukabi mkubwa katika albamu iitwayo *Furaha Wenye Gita*. Wasikilizaji wa ng'ambo waliokutana nazo kwa mara ya kwanza walizipokea kama ugunduzi, ilhali magharibi mwa Kenya zilikuwa hazijawahi kupotea.

Mfano wa tatu ni wa upande wa Uganda. Eclas Kawalya aliimba katika miaka ya 1960, na binti yake, Joanita Kawalya, akaja kuwa miongoni mwa sauti zinazofahamika zaidi za Afrigo Band, bendi iliyoanzishwa mwaka 1975 na wanamuziki waliotokana na Cranes Band. Hapa urithi haukupitia kwa mwana wa kiume anayechukua gitaa la baba, bali kwa binti anayechukua nafasi mbele ya kipaza sauti.

Mifano hii mitatu haina uzito sawa. Mukabi na Kawalya wanaonyesha urithi wa sanaa ndani ya ukoo: mtoto anaweza kusimama na kusema, "Huyu alikuwa baba yangu," na kauli hiyo ikawa wazi kijamii na kisheria. Kabaka anaonyesha jambo lingine, yaani wimbo uliosafiri mbali kuliko nasaba ya mtunzi wake. Kati ya hali hizi mbili zimo bendi nyingi za mpakani ambazo hazikupata lebo ya kigeni wala mtoto aliyeendelea kupiga.

5. Udugu wa masimulizi na udugu wa sheria

Masimulizi kuhusu bendi za zamani katika ukanda huu huchukua sura inayofanana: "Ndugu yetu mmoja alikuwa akipiga gitaa katika bendi ile." Kauli hiyo ni ya kweli, lakini neno *ndugu* halisemi kama ni kaka wa tumbo moja, mtoto wa baba mdogo, mtu wa ukoo, au jirani aliyelelewa nyumbani. Katika jamii za Wasamia, Waiteso na Wajopadhola, nasaba hufuata upande wa baba, na kaka za baba huchukuliwa kuwa baba. Kwa hiyo mtu anaposema "mzee wangu alikuwa katika bendi", huenda anamzungumzia baba mkubwa. Hasemi uongo; anatumia mfumo wa udugu uliomlea.

Sheria hutumia mfumo mwembamba zaidi. Kwa mfano, sheria ya mirathi ya Kenya huwatanguliza mwenzi wa ndoa na watoto wa marehemu asiyeacha wosia. Wakikosekana hao, hufuata wazazi, kisha kaka na dada. Mpwa aliyehifadhi santuri kwa miaka 40, akailipia gitaa nauli ya kutoka Tororo hadi Busia, na ambaye peke yake anajua nani alipiga besi, anaweza kukuta hana nafasi ya kwanza. Kinyume chake, mtoto aliyezaliwa upande wa pili wa mpaka na hakuwahi kuisikia bendi anaweza kuwa mrithi halali.

Si kwamba sheria imekosea na desturi imepatia, wala si kinyume chake. Kila mfumo hujibu swali lake. Desturi hujibu swali la nani anakumbuka na nani ana wajibu wa kukumbuka. Sheria hujibu swali la nani anaweza kutia sahihi na kupokea malipo. Madhara huanza pale jibu la swali moja linapotumiwa kujibu lingine. Msimuliaji anapochukuliwa kuwa mrithi, familia hugombana. Mrithi anapochukuliwa kuwa ndiye msimuliaji pekee, historia huandikwa na asiyeijua.

6. Haki mbili ndani ya santuri moja

Ugomvi wa aina hiyo hukuzwa na dhana kwamba santuri ina mwenyewe mmoja. Kwa hakika santuri ya wimbo ina angalau haki mbili. Ya kwanza ni haki ya utunzi, yaani maneno na lahani. Ya pili ni haki ya rekodi, yaani sauti ile mahsusi iliyonaswa siku ile studioni. Haki ya kwanza huanza kwa mtunzi. Ya pili kwa kawaida ilikuwa ya kampuni iliyogharimia kurekodi.

Haki hizo hazifi siku moja. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, utunzi hulindwa hadi miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 pia inampa mtunzi ulinzi wa uhai wake na miaka 50 baada ya kifo. Rekodi, kwa sheria ya Kenya, hulindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa.

Hesabu hii ina matokeo mazito. Rekodi yoyote iliyofanywa Kenya katika miaka ya 1960 haikuweza kulindwa kupita mwisho wa mwaka 2019. Utunzi wa George Mukabi haukuweza kulindwa huko kupita mwisho wa mwaka 2013, miaka 4 kabla ya albamu ya 2017. Lakini utunzi wa Daudi Kabaka, kwa kuwa alifariki mwaka 2001, unalindwa hadi mwisho wa mwaka 2051. Familia inayoambiwa kwamba "nyimbo za zamani hazina mwenyewe" inaambiwa nusu ya ukweli: mlinzi wa rekodi ameondoka, ila mlinzi wa utunzi huenda bado yupo. Bendi ya leo inayoupiga upya wimbo kama huo haiigusi rekodi ya zamani, lakini inaugusa utunzi.

Wimbo "Malaika" unaonyesha gharama ya kukosa karatasi. Fadhili William aliurekodi na Jambo Boys, ukaenea duniani kupitia kwa Miriam Makeba na baadaye Boney M. Hata hivyo, swali la nani aliyeutunga limebishaniwa kwa miongo mingi, na Adam Salim ni miongoni mwa waliodai kuwa wao ndio watunzi. Palipo na mashahidi wengi na hati chache, kila kifo cha shahidi hupunguza uwezekano wa kufikia jibu. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika muziki, habari hubaki ikiimbwa huku mali ikiwa imekwisha kwenda.

7. Kusoma santuri na kuandika nasaba

Kazi ya kwanza kwa familia ni kusoma lebo ya santuri. Lebo ya santuri ya 45 kwa kawaida hubeba jina la wimbo, jina la bendi, jina la kampuni na namba ya toleo. Jina lililo ndani ya mabano, au chini ya jina la wimbo kwa herufi ndogo, mara nyingi ndilo la mtunzi. Familia nyingi hulitazama jina la bendi, ilhali haki iliyobaki hai hufuata jina la kwenye mabano. Namba ya toleo nayo husaidia kukadiria mwaka kwa kulinganishwa na matoleo mengine ya kampuni hiyo.

Kazi ya pili ni kuyaandika masimulizi kwa istilahi mahususi za udugu. Kiswahili kina utajiri wa kutosha kwa kazi hii. Badala ya *ndugu*, iandikwe *kaka wa baba mmoja na mama mmoja*, *mtoto wa baba mdogo*, *mtoto wa shangazi*, *mjomba*, *shemeji* au *mkwe*. Badala ya *mtoto wake*, iandikwe kama ni mtoto wa kuzaa, wa kaka yake, au wa kulea. Neno la lugha ya nyumbani, liwe la Kisamia, Kiteso au Kijopadhola, lihifadhiwe kando ya tafsiri yake. Kwa namna hiyo mwanaisimu, mwanahistoria na wakili wataweza kuisoma karatasi moja bila kuelewana vibaya.

Kazi ya tatu ni kutenganisha wajibu. Familia inaweza kumteua mtunza kumbukumbu, ambaye si lazima awe mrithi, na msimamizi wa mirathi, ambaye hupata mamlaka yake mahakamani. Hakimiliki hurithiwa kama mali nyingine inayohamishika. Ikisahauliwa katika orodha ya mali za marehemu, hakuna atakayekuwa na mamlaka ya kuidai. Aidha, sheria ya Kenya hutaka uhamishaji wa hakimiliki uwe kwa maandishi. Hivyo kauli kwamba "babu aliuza nyimbo zote" haitoshi mpaka hati ionekane.

Kazi ya nne ni ya mpakani hasa. Familia yenye warithi Tororo na wimbo uliorekodiwa Nairobi hukabiliana na taasisi mbili: Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kwa upande mmoja, na Ofisi ya Huduma za Usajili ya Uganda kwa upande mwingine, pamoja na vyama vya kukusanya mirabaha vya kila nchi. Nasaba iliyoandikwa mara moja kwa usahihi, ikiwa na majina ya kale ya wilaya, huweza kutumika pande zote mbili.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba bendi za miaka ya 1960 katika ukanda wa Busia na Tororo haziwezi kueleweka kwa mipaka ya kitaifa pekee. Reli, barabara, redio na sarafu moja viliwafanya wapiga gitaa kuwa watu wa pande mbili, na udugu ukawa daftari lao. Daftari hilo lina ukarimu ambao sheria haina, kwa kuwa humpokea mpwa, shemeji na mtoto wa kulea. Lakini halina ukali wa maneno ambao sheria huutaka.

Inapendekezwa kwamba idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya pande zote mbili za mpaka zishirikiane kukusanya nasaba za bendi kwa mtindo uliofafanuliwa hapa, zikianza na wazee waliokuwa vijana mwaka 1966, shilingi moja ilipogawanyika kuwa mbili. Wazee hao sasa wana umri wa miaka 75 na zaidi. Utunzi wa aliyefariki mwaka 2001 una ulinzi hadi 2051, lakini shahidi anayeweza kusema ni nani aliyeutunga hana muda huo.